Barua ya wazi kwa viongozi wa klabu za soka: tiketi iliyouzwa si mtu aliyekuja

Waheshimiwa wenyeviti, wamiliki na watendaji wakuu,

Kila uchumi unapoyumba, hakosekani mmoja wenu wa kusimama mbele ya kipaza sauti na kututangazia kwamba soka haliguswi. Watu watajinyima mengine yote, husema, lakini mpira hawatajinyima. Kisha zinatolewa takwimu: msimu uliopita waliingia wangapi, msimu huu wangapi, tofauti ni ndogo. Haupiti muda tunaletewa bei mpya za tiketi, na bei hizo hazijashuka.

Nawaandikia kama mtu anayelipia kiti chake mwenyewe, na ambaye riziki yake ni kukagua vitabu vya hesabu vya watu wengine. Idadi mnayojivunia ni habari ya zamani. Haiwaambii hali ya mashabiki wenu ilivyo leo. Inawaambia ilivyokuwa siku waliyolipa.

Tiketi ya msimu hulipwa miezi kadhaa kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Aliyelipa akiwa na ajira, akaachishwa kazi ligi ikiwa imeanza, anabaki katika hesabu yenu hadi mechi ya mwisho, awe amekuja au hakuja. Na klabu nyingi zinapotangaza mahudhurio hutangaza tiketi zilizotolewa, wala si watu waliopita getini. Ndiyo maana kipaza sauti cha uwanja kinaweza kusoma idadi kubwa huku sisi tuliokaa jukwaani tukitazama safu nzima za viti vya plastiki vikiwa wazi, na kuchekana. Takwimu ya getini mnayo. Mashine zinahesabu kila kadi inayopita. Hamtuonyeshi tu, na nina wasiwasi kwamba wengine wenu hata wenyewe hamuiangalii.

Mngeiangalia, mngeona kwamba shabiki aliyebanwa na maisha haondoki siku moja. Kwanza anaacha kununua jezi mpya. Halafu anaacha kusafiri kwa mechi za ugenini, kwa sababu huko gharama si tiketi peke yake, kuna nauli, kuna kula, pengine na pa kulala. Halafu anaanza kuchagua: mechi ya mahasimu atakuja, ya katikati ya wiki usiku na timu iliyo mkiani hatakuja. Aliyekuwa akija na watoto wawili anakuja na mmoja, kwa zamu. Kadi yake anamwazima shemeji. Msimu ukiisha na barua yenu ya kulipia upya ikamfikia, haijibu. Hatua zote hizo nyinyi hamkuziona. Mnaiona hiyo ya mwisho, na mnashangaa kwamba amekata tamaa ghafla wakati uchumi, kwa maelezo ya serikali, umeanza kupata nafuu.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Mdororo unaweza kwisha, lakini aliyeondoka hana sababu ya kurudi. Kwenda uwanjani ni mazoea, na mazoea yakishakatika, siku za mwisho wa wiki hujazwa na mambo mengine. Mtoto ambaye hakuletwa akiwa na miaka 8 hatakuja kununua tiketi ya msimu akiwa na miaka 28. Atakuwa mpenzi wa soka, ndiyo, atatazama vipande vya mabao kwenye simu, lakini hatakuwa wenu.

Historia inayo mfano wa hili, na ni mkubwa. Katika msimu wa 1948/49, ligi ya Uingereza, madaraja yote manne ya wakati huo kwa pamoja, iliingiza watazamaji zaidi ya milioni 41. Kufikia msimu wa 1985/86 walikuwa wamebaki takriban milioni 16 na nusu. Sisemi kwamba ni ukosefu wa kazi tu. Televisheni iliingia majumbani, vurugu zilizagaa, viwanja viliachwa vikaoza, na mwaka 1985 watu 56 walikufa kwa moto katika jukwaa la mbao mjini Bradford. Lakini miaka ile ya themanini nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 3 wasio na ajira, wengi wao katika miji ileile ya viwanda iliyoanzisha klabu hizo, na viongozi wa wakati huo waliendelea kuamini kwamba watu watakuja tu kwa sababu walikuwa wakija. Ilichukua viwanja vipya na miaka mingi kuwarudisha, na waliorudi wengi hawakuwa walewale.

Najua jibu la klabu kubwa. Mtaniambia kwamba mapato ya getini kwenu ni sehemu ndogo, kwamba fedha halisi ziko kwenye haki za matangazo na kwa wadhamini. Sawa. Basi tuzitazame hizo fedha halisi zinavyofanya uchumi unapoanguka.

Septemba 2008 kampuni ya safari ya XL, iliyokuwa kifuani mwa jezi za West Ham, klabu ya London, ilifilisika. Wachezaji waliingia uwanjani jezi zao zikiwa zimebandikwa kiraka kuficha jina la mdhamini. Mmiliki wa klabu hiyo, Björgólfur Guðmundsson, alikuwa pia na hisa kubwa katika benki ya Landsbanki ya Iceland, ambayo ilianguka mwezi uliofuata, na mwaka 2009 yeye mwenyewe akatangazwa mufilisi. Mwezi uleule wa Septemba 2008, AIG, kampuni ya bima iliyokuwa kwenye jezi za Manchester United, iliokolewa na serikali ya Marekani, na mkataba wake na klabu ulipokwisha mwaka 2010 haukuongezwa. Juni 2009 kituo cha televisheni cha Setanta kilizimika nchini Uingereza, na klabu za Scotland zilizokuwa zikiitegemea hela yake zikabaki zinahangaika.

Miaka michache kabla ya hapo ITV Digital, kampuni ya televisheni ya kulipia, ilikuwa imesaini mkataba wa pauni milioni 315 na ligi ya madaraja ya chini ya Uingereza. Mwaka 2002 ikaanguka ikiwa haijalipa sehemu kubwa ya fedha hizo. Klabu zilikuwa zimekwisha kuzitumia, kwa kusaini mikataba ya wachezaji kwa hela ambayo haijaingia. Klabu ya Leicester ikawa chini ya wasimamizi wa ufilisi mwaka huohuo, Ipswich mwaka uliofuata.

Mdhamini mmoja alifilisika, mwingine hakuongeza mkataba. Kituo cha televisheni kilizima mitambo. Mmiliki alipoteza benki yake. Waliojitokeza siku ya mechi iliyofuata ni wale wa getini, wenye hela ndogo. Mkaguzi yeyote wa hesabu atawaambia kwamba chanzo kidogo kinachodumu kina thamani kuliko kikubwa kinachoweza kukatika Jumatatu asubuhi. Na hata hiyo hela ya televisheni inatokana na sisi kwa kiasi ambacho hampendi kukikubali: viwanja vilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona, vituo vingi vya matangazo viliweka kelele za bandia za mashabiki, kwa kuwa mechi bila sauti ya watu ilikuwa haitazamiki.

Sasa niseme kuhusu matumizi, na hapa nitakaa kidogo.

Katika klabu, gharama inayomeza nyingine zote ni mishahara ya wachezaji. Kila mtu anajua. Mikataba ni ya miaka mitatu, minne, mitano, na husainiwa uchumi ukiwa umenona. Mapato yakishuka, mshahara haushuki nayo, kwa sababu hamkuandika kipengele kinachosema ushuke. Kwa hiyo mnatafuta pa kukata, na mnapata wasio na mkataba mgumu wala wakala wa kuwasemea: mfanyakazi wa ofisi ya tiketi, mkata nyasi, kocha wa watoto, timu ya wanawake. Na mnatafuta pa kuongeza, mnampata anayelipa kiingilio. Straika wa benchi ambaye hajafunga tangu msimu uanze hapati barua ya kumwomba avumilie hali ngumu. Mimi ninaipata kila mwaka.

Hoja yenu ni kwamba mkibana mishahara peke yenu mtashuka daraja, jirani yenu atakuwa amesajili. Ni hoja ya kweli, na ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa klabu moja moja. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, imeweka kanuni kwa klabu zinazocheza mashindano yake: gharama za kikosi, yaani mishahara, ada za uhamisho zikigawanywa kwa miaka ya mkataba, na malipo ya mawakala, zisizidi asilimia 70 ya mapato. Ligi za ndani zinaweza kuiga, tena kwa ukali zaidi. Barcelona ilipozidiwa mwaka 2021, rais wake Joan Laporta alisema hadharani kwamba mishahara ilikuwa imefikia asilimia 103 ya mapato, na deni lilikuwa euro bilioni 1.35. Janga liliwaumiza, hakuna anayebisha. Ila janga liliikuta klabu tayari imeweka rehani kila kitu kwa kudhani kwamba uwanja hautakosa watu hata siku moja.

Na kuhusu rehani, kisa ninachokirudia kwa kila anayenisikiliza ni cha Leeds United. Mwaka 2001 walikuwa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mwaka huohuo walikopa pauni milioni 60, na dhamana waliyoweka ni mapato ya tiketi za miaka ijayo. Rudieni kusoma sentensi hiyo. Mashabiki ambao walikuwa bado hawajaamua kununua tiketi, wengine hata hawajazaliwa, walikwisha kutumika kama dhamana ya mkopo. Hesabu ilisimama juu ya sharti moja, kwamba timu itafuzu Ligi ya Mabingwa kila mwaka. Haikufuzu. Mwaka 2004 klabu ilishuka daraja, ikauza uwanja wake wa Elland Road, na mwaka 2007 ikawa daraja la tatu. Hata uchumi wa nchi haukuwa umeanguka wakati huo! Ni wao tu.

Klabu zikianguka, anayelipwa ni nani? Uingereza ina utaratibu unaozipa klabu nyingine na wachezaji haki ya kulipwa madai yao yote kwanza, kwa sharti la klabu kubaki katika ligi, halafu wengine wagawane kilichobaki. Portsmouth, walioshinda Kombe la FA mwaka 2008, Februari 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu kuwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, madeni yakiwa zaidi ya pauni milioni 100. Miongoni mwa waliokuwa wakidai ni shirika la St John Ambulance, watu wa kujitolea wanaotibu mashabiki wanaoanguka majukwaani. Mamlaka ya kodi ilikwenda mahakamani kuupinga utaratibu huo na mwaka 2012 ikashindwa. Na mwisho wa yote, mwaka 2013, aliyeinusuru Portsmouth ni nani? Chama cha mashabiki, waliochangishana wakainunua na kuiendesha hadi 2017.

Mnanisamehe kwa kuisema Uingereza sana. Ni kwa sababu huko hesabu za klabu huchapishwa na mtu yeyote anaweza kuzisoma, jambo ambalo katika ligi nyingi ni ndoto.

Mfano wa kinyume uko Ujerumani. Mwaka 2009 uchumi wa nchi hiyo ulinywea kwa takriban asilimia 5, mporomoko ambao haukuwahi kuonekana tangu vita. Bundesliga, ligi kuu ya huko, iliendelea kuwa na wastani wa watazamaji zaidi ya 40,000 kwa mechi. Kwa nini? Sababu ni nyingi, na viwanja vilivyojengwa upya kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2006 ni mojawapo. Lakini walikuwa wameacha majukwaa ya kusimama yenye bei ambayo mwanafunzi au mtu aliyepunguziwa saa za kazi anaimudu. Lile la kusini la klabu ya Dortmund peke yake linachukua watu karibu 25,000. Na kanuni yao ya 50+1 inataka wanachama wawe na kura nyingi katika klabu, isipokuwa chache zenye ruhusa maalumu. Mwenyekiti anayejua kwamba anayepandishiwa bei ndiye mpiga kura hupandisha kwa adabu. Si kwamba Wajerumani hawakosei: Dortmund hiyohiyo ilikuwa ukingoni mwa kufilisika mwaka 2005, kwa usajili wa kukurupuka. Ila watu wake hawakuwa wameondoka, na nadhani hilo liliwapa wadai sababu ya kusubiri.

Sasa hesabu ya kiti kitupu. Gharama ya kufungua uwanja haipungui sana watu wakipungua. Taa zinawaka zilezile, walinzi mnawalipa, polisi mnawalipa, nyasi zinanyweshwa. Mtazamaji mmoja zaidi anawagharimu karibu na bure, na kiti kisichokaliwa leo hakiwezi kuwekwa ghalani kiuzwe kesho. Kwa hiyo mnapolinda bei kwa kuacha viti wazi, hamlindi chochote.

Siombi tiketi za bure. Ziliwahi kugawiwa huku na kule na matokeo yake ni mabaya: aliyelipa anajiona mjinga, na aliyepewa haji, kwa kuwa hakutoa kitu. Ninachotaka ni bei ya chini iliyo wazi kwa wote, itangazwe mapema, na ilingane na mechi. Kumtoza mtu bei ya mahasimu kwa mechi ya Jumanne usiku ambayo nyinyi wenyewe mmekubali isogezwe kwa ajili ya televisheni ni dhuluma. Mlipwe na televisheni kwa kuisogeza, nami nipunguziwe kwa kuhangaika nayo.

Kuna mengine yasiyogharimu kitu. Mtu alipe tiketi ya msimu kwa awamu, bila riba, na bila kumsukumia kampuni ya mikopo inayomtoza kwa siri. Aliyepoteza kazi aruhusiwe kusimamisha kiti chake kwa msimu mmoja bila kukipoteza. Klabu ikiuze kwa wengine mechi kwa mechi, kisha imrejeshee kiti chake. Hili la mwisho nalitilia mkazo, kwa sababu watu wengi hung'ang'ania kulipa kwa kukopa si kwa raha, bali kwa hofu kwamba wakiachia kiti cha miaka yote, kilicho karibu na rafiki zao, hawatakipata tena. Hofu hiyo mnaivuna kama uaminifu, na inaonekana vizuri kwenye takwimu zenu. Ni deni la mtu kwenye kadi ya benki.

Tangazeni idadi ya getini. Kila mechi, kando ya idadi ya tiketi zilizouzwa. Mtaaibika miezi miwili, halafu mtakuwa na chombo cha kazi: mtajua ni jukwaa lipi linapungua, lini, na mtaweza kumpigia mtu simu akikosa mechi ya tatu mfululizo, badala ya kumwandikia akishakosa msimu.

Na tuketi nanyi. Mwakilishi wa mashabiki awe ndani ya chumba bajeti inapopangwa, akiwa na haki ya kuona mizania, badala ya kualikwa kwenye kikao cha kuelezwa yaliyokwisha kuamuliwa huku akipewa kalamu yenye nembo ya klabu.

Msipotaka, mifano ya kinachofuata mnayo. Tarehe 6 Februari 2016, Liverpool wakiongoza 2-0 nyumbani dhidi ya Sunderland, mashabiki takriban 10,000 waliinuka dakika ya 77 wakatoka, kupinga tiketi ya pauni 77 iliyokuwa imepangwa kwa msimu uliofuata. Mechi iliisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi na kuifuta bei hiyo. Mwezi uliofuata klabu za Ligi Kuu zilikubaliana kwamba tiketi ya shabiki wa timu ngeni isizidi pauni 30, na hakuna klabu iliyofilisika kwa sababu hiyo. Waliotoka siku ile walikuwa bado wanapiga kelele, na kelele ni dalili kwamba mtu bado anajali. Wa kuwaogopa ni wale ambao hawatatoka dakika yoyote kwa kuwa hawakuja.

Barua zenu za kutuomba tulipie msimu ujao kwa kawaida hutufikia kabla huu haujaisha. Kabla ya kuzituma, naomba kila klabu itoe hadharani mambo matatu: watu waliopita getini msimu huu, kiasi cha mapato kinachokwenda kwenye mishahara ya kikosi, na iwapo mwenye kiti aliyepoteza kazi anaweza kukisimamisha. Majibu yakitoka nitayasoma, na wenzangu wa jukwaani watayasoma, ndipo tutakapoamua kuhusu malipo.

Wenu katika mchezo,

Mwenye tiketi ya msimu, jukwaa la kawaida